Kosa Hili Tuliweke Wapi

Gitaa linaweza kukubaliana na tyuna nyuzi zote sita zikiwa wazi, kisha likaanza kujipinga lenyewe mara tu mkono wa kushoto unapogusa shingo. Kodi ya G inalia vizuri; ukihamia C, uzi wa pili unachoma sikio. Karibu na kichwa mambo bado yanavumilika, lakini ukipanda hadi freti ya kumi na mbili kupiga solo, kila nota yako imepanda juu ya ile anayoipiga mwenzako wa rizimu. Mwenye gitaa anarudi kwenye vigingi. Anakaza, analegeza, anakaza tena. Hapati kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye vigingi.

Natengeneza magitaa hapa Tanga, mji ambao hewa yake ya bahari hula nyuzi na kuvimbisha mbao, na karibu kila gitaa linaloletwa kwangu linakuja na maneno yale yale: halishiki sauti. Mara nyingi linashika. Vigingi ni vizima, nyuzi hazitelezi. Kosa ni jingine, nalo lina sehemu mbili ambazo lazima zitenganishwe kabla mtu hajagusa bisibisi. Ipo sehemu inayotokana na utengenezaji mbovu au uchakavu, na hiyo inatibika. Ipo nyingine iliyomo ndani ya gitaa tangu siku lilipobuniwa, na hiyo haitibiki hata kwa fundi bora duniani. Asiyezitofautisha atamaliza tupa zake akifukuza kitu kisichokamatika.

Nianze na hiyo isiyotibika. Uzi ukiukata nusu kwa kidole, sauti inapanda oktavu moja. Ukibakiza theluthi mbili za urefu wake unapata nota ya tano, ile inayosikika kama imeungana na ya kwanza. Ukibakiza sehemu nne kwa tano unapata nota ya tatu, tamu kuliko zote, ambayo kwaya nzuri ikiimba bila ala huiangukia yenyewe pasipo kufundishwa. Vipimo hivi ni vya maumbile, havikuamuliwa na kikao cha watu. Shida ni kwamba havikutani. Panga nota za tatu tamu, tatu, moja juu ya nyingine, ukitegemea kufika kwenye oktavu: hufiki. Panga nota za tano kumi na mbili, ukitegemea kurudi kwenye nota uliyoanzia oktavu saba juu: unapitiliza. Mwingereza Alexander Ellis, mwaka 1885, aliigawa oktavu katika senti 1,200 ili tofauti ndogo kama hizi zipate kipimo. Kwa kipimo chake, zile tatu tamu zinapungua senti 41, na zile za tano kumi na mbili zinazidi senti 23 na ushee.

Mpiga udi au fidla hasumbuliwi na hesabu hiyo. Shingo ya ala yake haina freti. Kidole kinasogea kidogo tu na nota inakaa panapotakiwa. Gitaa limejifunga lenyewe. Freti moja iliyonyooka inakatiza nyuzi sita, na inatakiwa iwe sahihi kwa kila uzi na kwa kila ufunguo utakaopigwa. Njia iliyokubalika ni kuigawa oktavu vipande kumi na viwili vilivyo sawa, senti 100 kila kimoja, kama fundi cherehani aliyepungukiwa kitambaa akaminya kidogo kwenye kila mshono ili pengo lisionekane popote. Nota ya tano inapoteza senti mbili, na karibu hakuna anayelalamika. Nota ya tatu inapanda senti 14. Hiyo inasikika. Inasikika hata kwenye gitaa la bei ya juu kabisa lililopimwa kwa mashine, na mtu akikuambia gitaa lake halina kosa hata chembe, jua kwamba sikio lake limekwisha kulizoea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga lute wa Italia na baba wa mwanafalaki Galileo, aliandika kwamba freti zipangwe kwa uwiano wa 18 kwa 17. Chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 18, weka freti ya kwanza hapo. Chukua urefu uliobaki, ugawe tena kwa 18, weka ya pili. Endelea hivyo hivyo. Mafundi waliifuata kanuni hiyo kwa muda mrefu sana. Ukiitumia kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648, kama mengi ya Fender, freti ya kumi na mbili haifiki katikati ya uzi. Inabaki nyuma kwa zaidi ya milimita mbili, na oktavu yake inashuka senti 12 na nusu. Kwa hesabu ni kosa la wazi. Mkononi si kubwa hivyo, maana uzi ukibonyezwa huvutika, na ukivutika hupanda. Kule kushuka kwa hesabu kunamezwa kwa sehemu na kupanda kwa kidole. Napenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha watu waliokuwa wakifanya kazi kwa kanuni pungufu na bado wakafika karibu na ukweli kuliko ambavyo kanuni yenyewe ingewafikisha.

Mwaka 1584, huko China, Zhu Zaiyu alikuwa amekokotoa namba yenyewe hasa, 1.059463 na tarakimu nyingine nyingi nyuma yake, ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mpaka zitimie kumi na mbili unapata 2. Leo viwanda havigawi kwa 18, vinagawa kwa 17.817. Freti zao ziko sahihi kwenye karatasi, na kwa sababu hiyo hiyo, kule kupanda kwa uzi uliobonyezwa hakuna tena pa kujificha.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia. Uzi ulio wazi umelala juu ya mifupa miwili: mfupa wa juu, karibu na kichwa, wenye mifereji sita, na mfupa wa chini, kwenye daraja. Ukiubonyeza uzi mpaka ufike kwenye freti unaurefusha kidogo, unakaza, nota inapanda. Nyuzi nene husumbua zaidi ya nyembamba, na uzi ulioinuka sana juu ya shingo husumbua zaidi ya ule uliolala. Dawa yake ni kuuongezea uzi urefu upande wa nyuma, kwa kusogeza mfupa wa chini uende mbali na freti. Ndiyo maana kwenye gitaa lisilo la umeme mfupa huo hukaa mshazari, upande wa nyuzi nene ukiwa nyuma zaidi. Kwenye gitaa la umeme kuna vikalio vidogo vya chuma vinavyosogezwa kwa skrubu. Stratocaster ya Fender ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na vikalio sita, kila uzi na chake. Telecaster iliyoitangulia ilikuwa na vitatu, nyuzi mbili zikigombea kikalio kimoja, na wapo wapigaji hadi leo wasiotaka kubadilisha mpangilio huo kwa sababu wanaupenda mlio wake, kosa likiwemo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, kisha uupige: unapata sauti nyembamba ya kengele, ambayo ni nusu kamili ya uzi. Halafu ubonyeze hapo hapo na uupige tena. Nota iliyobonyezwa ikiwa juu ya ile ya kengele, uzi ni mfupi, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini yake, kisogeze mbele. Kwenye uzi wa milimita 648, milimita moja hubadilisha nota hiyo kwa senti mbili na nusu na kidogo. Kila ukisogeza, tuni upya uzi ulio wazi, la sivyo unapima upepo. Na gitaa likae kama linavyokaa likipigwa. Ukililaza chali mezani, shingo inabadilika kidogo kwa uzito wake na vipimo vyako havitakuwa vya gitaa lile lile. Abonyeze mwenyewe mwenye gitaa, si fundi. Mtu mwenye mkono mzito anaweza kupandisha nota kwa kidole peke yake zaidi ya kosa lolote la kikalio, na gitaa nililolipimia mkono wangu mwepesi litamkana akifika nyumbani.

Kikalio hakiponyi kila kitu, na hapa ndipo naona magitaa ya vijana yanavyodhulumiwa. Aliwahi kuja mvulana wa kwaya na gitaa la bei nafuu, jipya kabisa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Likoje?"

"C inakataa. Lakini nikilaza kidole freti ya tano, iko sawa."

Sentensi hiyo moja ilitosha. Kodi zikikataa karibu na kichwa huku zilizo katikati ya shingo zikikubali, usiguse daraja. Nenda mfupa wa juu. Viwandani mifereji ya mfupa huo huachwa na kina kidogo, kwa kuwa gitaa lenye uzi ulioinuka halivumi dukani. Matokeo yake ni kwamba kidole kilichoko freti ya kwanza kinaushusha uzi umbali mkubwa ndani ya kipande kifupi sana, milimita 36 tu, na uzi hauna budi kuvutika. Nota ya kwanza inapanda senti kumi au zaidi, ya pili inapanda pungufu ya hiyo, ya tatu pungufu zaidi, na ukifika ya tano hakuna dalili tena. Ukijaribu kulirekebisha hilo kwa kikalio unaharibu sehemu yote ya juu ya shingo ili kuokoa freti mbili za chini, na hata hizo huziokoi.

Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha chungulia juu ya freti ya kwanza. Mwanga unaopita kati ya uzi na freti uwe unene wa karatasi, usizidi. Kwenye gitaa la yule mvulana ulizidi unene wa kadi ya benki. Tupa maalumu za kazi hii ni adimu kwetu, kwa hiyo natumia vijisindano ambavyo wachomeleaji husafishia midomo ya tochi zao za gesi. Vina meno madogo pembeni na vinauzwa vikiwa vimepangwa kwa unene ndani ya kibati kimoja. Sindano iinamie upande wa kichwa, ili uzi uuache mfupa kwenye ukingo wa mbele kabisa, ule unaotazama freti. Ukingo huo ukishuka kuliko sehemu ya nyuma yake, uzi utaanzia ndani ya mfereji, na utabaki na mvumo ambao hutaujua unatoka wapi. Piga mara tatu au nne, futa unga, rudisha uzi, tuni, sikiliza. Tena. Ukizidisha kina, uzi utagonga freti ya kwanza ukiwa wazi. Hapo inabidi ujaze mfereji kwa unga wa mfupa na tone la supagluu, usubiri ukauke, uanze upya.

Mvulana alipiga C yake, akairudia. Akahamia F, ile ya kulaza kidole kwenye freti ya kwanza, inayowakatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye gitaa, na ikatoka nyuzi zote sita. Ndipo aliponiambia kwamba mwalimu wake alikuwa amekwisha kumweleza kuwa hana sikio la muziki. Kumbe sikio lake lilikuwa zima muda wote. Ndilo lililomwambia C inakataa. Hili linaniuma. Mtoto anayesikia kosa la senti kumi ndiye hasa tunayemtaka kwenye muziki, na ndiye wa kwanza kuacha, kwa sababu kila anachopiga kinamuumiza na wakubwa wanamwambia kasoro ni yake. Makanisa na shule zinazonunua magitaa matano au kumi kwa mpigo zingetenga fedha kidogo ya kuchonga mifereji kabla ya kuyagawa, zingebaki na wapigaji wengi zaidi mwisho wa mwaka.

Nyuzi zenyewe nazo husema uongo. Uzi huwa sahihi pale tu unapokuwa na uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Chumvi na jasho huula hapa, huacha kutu pale, freti huutafuna upande wa chini, na uzi wa namna hiyo huwezi kuupima kwa kengele wala kwa kidole. Nikiletewa gitaa lenye nyuzi za mwaka jana sigusi kikalio mpaka zinunuliwe mpya. Wengi waliojifunza kwenye magitaa ya kujitengenezea, Kongo na huku kwetu, walitumia waya wa breki ya baiskeli, na waya uliosokotwa ukiufumua unabaki na mikunjo yake. Naamini waliotoka kwenye shule hiyo walijua kusikiliza kuliko sisi tunaotazama taa ya kijani ya tyuna.

Rumba ya Kongo imetuletea tatizo jingine zuri. Wapigaji wake wana mpangilio uitwao mi-composé: uzi wa nne, ule mnene wa D, hutolewa, na mahali pake huwekwa mwembamba uliotuniwa oktavu moja juu. Gitaa linang'aa, linapenya kati ya solo na rizimu. Lakini kikalio cha uzi wa nne kilirudishwa nyuma kwa ajili ya uzi mnene. Mwembamba ukikaa hapo unakuwa mrefu kupita kiasi, na kadiri unavyopanda shingo ndivyo nota inavyoshuka. Ukipiga peke yako chumbani hutalisikia sana. Wimbo ukiingia sebene, magitaa matatu yakijibizana, moja chini na mawili juu ya freti ya kumi na mbili, kila anayecheza atahisi kitu kinavutana hata kama hajui ni nini. Kisogeze mbele, milimita moja kwanza, urudie kipimo. Bendi za dansi zilizokulia Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilijengwa juu ya magitaa yanayosukana hivyo, na msuko wa aina hiyo hauvumilii gitaa moja kuwa na oktavu yake peke yake.

Tuseme sasa mifereji imechongwa, nyuzi ni mpya, vikalio viko mahali pake. Zile senti 14 bado zipo. Ukitaka kuzikuta, piga kodi ya E karibu na kichwa. Nota yake ya tatu iko kwenye uzi wa tatu, freti ya kwanza, na imepanda. Mpigaji mwenye sikio huushusha uzi huo taratibu mpaka E itulie kabisa, na ikitulia ni raha ya kweli. Kisha anapiga C au G, ambako uzi ule ule uko wazi, na sasa uko chini senti 14. Akiupandisha, E inarudi kuchoma. Nimeona watu wazima wakizunguka hivyo, kutoka E kwenda G na kurudi E, wakidhani gitaa limelaaniwa.

Wapo waliojaribu kupambana na kosa hili kwenye freti zenyewe. Nchini Sweden Anders Thidell alibuni freti zilizopindapinda, kila uzi ukipata mahali pake. Mturuki Tolgahan Çoğulu ana gitaa ambalo freti zake ni vipande vidogo vinavyosogezwa chini ya kila uzi peke yake. Ni kazi zinazostahili heshima. Hata hivyo anayezitumia bado anachagua: utamu huu hapa, kwa gharama ya ule kule.

Kwa hiyo kabla sijaliandika gitaa kwenye daftari namwuliza mwenyewe anapiga nini, kwenye ufunguo gani, na nani yuko naye. Anayepiga na kinanda simchezei. Kinanda kimegawanywa senti 100 kwa 100, na gitaa likijitafutia utamu wake litagombana nacho ibada nzima. Huyo namtunia kwa tyuna na kumwacha hapo. Anayeimba peke yake, nyimbo zake zote zikiwa E na A, nitamshushia uzi wa tatu kidogo na kumwonya asiguse C. Wa bendi nawataka waje wote, na magitaa yao yote, kwa sababu kosa linalogawanywa kwa mtu mmoja mmoja halikai sawa likikutanishwa.

Wanaonipa kazi ngumu ni wa taarabu. Hapa Tanga, Black Star Musical Club waliingiza gitaa na besi kwenye taarabu, na sauti ya Shakila Saidi ikaenda Pwani nzima juu ya magitaa hayo. Vijana wanaopenda nyimbo za aina hiyo huniuliza kwa nini gitaa lao linagombana na mwimbaji akiingia makamu ya rasti, mpangilio wa nota wa Kiarabu. Nota ya tatu ya rasti iko kati ya senti 300 na 400, karibu na katikati. Fidla inaifikia, udi unaifikia, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vijipini vya chuma vya kuipandishia na kuishushia, na koo la mwimbaji linaifikia bila kifaa. Gitaa halina freti mahali hapo, na hakuna mfupa wala kikalio kitakachoileta. Kwenye solo kuna njia: bonyeza freti ya chini yake, uvute uzi pembeni mpaka nota ipande nusu ya freti, na usivute zaidi. Kwenye kodi hakuna. Nawaambia wapige nota ya kwanza na ya tano, uzi wenye ya tatu waufunike kwa kidole usilie, na hiyo ya tatu wamwachie mwimbaji na fidla.